Ng'ombe wa Bluu wa Kalimoni

Baba,

Ng'ombe wako ni wa bluu. Naanza na hilo hata kabla ya salamu, kwa sababu nimekaa nalo kifuani tangu Jumamosi ile, na mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe. Si bluu kidogo, Baba. Ni bluu ya wino, kutoka pembe mpaka kwato. Paa la jiko ni bluu, tangi la maji ni bluu, na Kilimambogo, mlima uliouchora kwa maus ya kompyuta karibu mwaka mzima ukiwa umekaa pale mlangoni, nao ni bluu mpaka kileleni. Nyakeru wetu! Ng'ombe mweupe kuliko wote Kalimoni!

Usikasirike bado. Nisikilize kwanza, nikueleze polepole nilivyojua.

Hapa nyumbani tuko salama. Nyakeru amezaa ndama jike mwenye doa jeusi usoni, na Mama amekataa kumpa jina mpaka aache kumpiga mateke. Mwanao Kariuki amehamia kile chumba cha nje na sasa anajipikia, kwa hivyo kila jioni tunanusa githeri iliyoungua. Kaburi lako limeota nyasi upande wa juu. Kiti chako bado kiko mbele ya kompyuta. Hakuna aliyesema kisiondolewe, ni vile tu kila mtu anakizunguka.

Ile kompyuta. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimepata mashine mpya, nawe unastaafu baada ya maisha yako yote katika idara ya kutia rangi, mkaambiwa mchague kitu cha kuondoka nacho. Wenzako walichukua mablanketi. Wewe ukarudi kutoka Thika na kompyuta kuukuu ya stoo, pamoja na skrini iliyoonyesha kila kitu kama kimemwagiwa chai. Mama aliuliza, "Sasa hiyo tutakula ama tutalalia?" Ukamjibu, "Tutaangalia." Na kweli tukaangalia, Baba.

Uliiweka kando ya mlango, mahali panapoingia vumbi lote la uwanja, tukakuambia itaharibika. Ukasema kiwandani kitambaa hakihukumiwi chini ya taa. Unakitoa mpaka mlangoni, unakitazama kwa mwanga wa Mungu, ndipo unajua kama rangi imekubali. Na kwa kuwa kompyuta huwezi kuibeba mlangoni kila saa, basi iishi huko huko.

Mimi nilidhani utaitumia kuandika barua za kanisa. Kumbe kilichokuudhi tangu siku ya kwanza ni desktopu, ule uso wa kompyuta unaouona ukishaiwasha, kabla hujafungua chochote. Ulikuwa wa rangi moja tupu, na vipicha vidogo vimejipanga upande mmoja. "Hii ni ukuta ya hospitali," ulisema, ukaanza kuupaka. Ukachora mlima vile unavyoonekana kutoka mlangoni kwetu jua linapotaka kutoka, ukachora kahawa ya jirani, tangi, na Nyakeru amefungwa kwenye kigingi chake. Mafaili yako ukayafanya viondo vinavyoning'inia barazani. Pipa la taka ukaligeuza shimo la mbolea. Saa ulihangaika nayo sana mpaka ukaipandisha juu ya mlima, pale jua linapotokea, ili anayetafuta saa autazame mlima kwanza.

Habari za ule ubao wa intaneti nilikuletea mimi. Nilikuwa nimewapata nikiwa kazini Ruiru: watu wa nchi nyingi wanaoonyeshana desktopu walizozitengeneza wenyewe. Mmoja anaweka picha ya uso wa kompyuta yake, wengine wanaikosoa. Nilifikiri utacheka. Badala yake ukaniuliza, "Wee Maitu, hao watu wako na heshima?" Uliniita mama yako, kama siku zote, kwa kuwa nimebeba jina lake. Nikakueleza sheria yao, kwamba huruhusiwi kuonyesha ya kwako kabla hujakosoa za wenzako watatu, kwa ukweli na bila matusi, na ukikosolewa hupigani, unakwenda kurekebisha na kurudi. Ukasema, "Hao ni watu wa kiwanda." Ukavuta kiti.

Ndivyo disketi ilivyoanza kusafiri kati ya Kalimoni na Ruiru. Ofisini niliruhusiwa kutumia laini saa ya chakula tu, na kwa vile simu ilikuwa ghali na modemu goigoi, tulizima picha zote ili kurasa zifunguke kwa maandishi matupu. Kwa hivyo niliipandisha picha yako bila kuifungua, nikanakili maoni ya watu, nikashusha desktopu zao kwenye disketi bila kuziona, nikakuletea jioni. Fikiria hilo, Baba. Ubao mzima wa kutazama, na tarishi wake hajaona kitu. Aliyekuwa akiona ni wewe peke yako, kwa ile skrini yako.

Na uliona nini? Manjano. Desktopu ya kwanza ilikuwa ya mtu wa Brazili, ukasema, "Hii iko na homa ya manjano." Ya pili ilikuwa ya mwanafunzi wa Japani. "Hata hii." Ukawaandikia wote kwa Kiingereza chako cha kiwandani, kifupi, kisicho na mapambo: rangi yako imechacha, ongeza bluu. Kisha akaja yule kijana wa Ufini aliyejiita Mbweha, mwenye ulimi mkali kuliko wote pale ubaoni. Yeye alikuwa ameweka picha ya theluji juu ya ziwa. Ukamwambia theluji yake inaonekana imekojolewa. Nilikuomba tupunguze makali kidogo, ukakataa kata kata. Alipojibu kwamba theluji anaijua yeye, ulisema, "Theluji siijui. Lakini nyeupe naijua." Na hilo nalo ukataka nimwandikie.

Desktopu yako mwenyewe uliipaka mpaka ikakubali, na hapo ndipo ulipokosea. Ni kosa ambalo mtu mwingine asingeweza kulifanya. Mimi ningemwacha Nyakeru awe wa manjano nikaenda kulala. Macho yako hayangekubali. Ulitazama skrini, ukatazama nje, ukarudi ukaongeza bluu, ukatazama nje tena, siku baada ya siku, mpaka mweupe wa kwenye kioo akawa sawasawa na mweupe wa kwenye kigingi. Nilikuona asubuhi ile ulipomaliza. Ulisimama, ukapiga makofi, ukachukua ndoo ukaenda kukamua.

Maoni yakaanza kuingia. Wengi walisema ni nzuri ila ina baridi mno. Mmoja aliuliza kwa nini kijiji kiko chini ya maji. Mbweha aliandika kwamba hajawahi kuona ujasiri wa rangi namna hiyo, wala hajawahi kuona kosa kubwa namna hiyo, na hajui hili ni lipi kati ya hayo mawili. Ukaniambia nimjibu: hivi ndivyo kulivyo hapa kwetu saa kumi na mbili asubuhi. Wao wakadhani wewe ni mshairi. Wewe ukadhani ni watu waliozoea baridi hata wanaiona mahali haipo. Mkaendelea kubishana hivyo, kila upande ukiuhurumia mwingine, mpaka presha ikakuangusha.

Siku niliyoitwa hospitalini nilikuwa na disketi yako ndani ya mkoba, na maoni mapya ambayo hukuwahi kuyasoma. Hapo sitaandika. Hapo naomba niruke.

Baada ya mazishi bosi wangu hakujua aniambie nini. Wewe unamjua, ni mtu wa maneno machache. Alinipa ufunguo wa ofisi akasema, "Jumamosi hakuna mtu. Tumia laini vile unataka." Hiyo ndiyo ilikuwa rambirambi yake. Nikaenda Ruiru niwape habari watu wa ubao kwamba Mzee wa Kalimoni amefariki. Nilikaa kwenye kompyuta mpya ya ofisi, na kwa kuwa safari hiyo hakuna aliyekuwa akinihesabia dakika, niliwasha picha.

Yako ilishuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kwa mwendo wa laini zetu. Kwanza ukatokea utepe wa mbingu. Nikadhani mashine imekosea. Bluu nzito, ya kina, ambayo hata sijui jina lake. Kikashuka kilele cha Kilimambogo, nikakitambua kwa umbo tu. Ikaja kahawa. Likaja tangi, vikaja viondo barazani, na mwisho kabisa, chini, akaja Nyakeru, anang'aa. Kila kitu pale nilikijua tangu utotoni na hakuna hata kimoja nilichowahi kukiona. Ilikuwa nzuri ya kutisha. Nililia, na nilianza kulia kwa mshangao kabla ya huzuni, kwa sababu mkono wako ndio ulioifanya ile na macho yako hayakuiona hata siku moja.

Nikatia disketi yako. Bluu. Nikafungua theluji ya Mbweha, nayo ilikuwa nyeupe pe pe pe. Ndipo nikaelewa. Skrini yetu ya nyumbani ilikuwa imepungukiwa bluu, ndiyo maana kila kitu kilikuwa na homa ya manjano. Wewe ukamimina bluu kufidia, ukamimina mpaka kukawa sawa kwako, na watu wa nje wenye skrini nzima wakaipokea yote uliyomimina.

Wiki iliyofuata nilimpeleka Mama ofisini akaone. Alisimama mbele ya kioo cha kompyuta, leso begani, akatazama kwa muda mrefu sana mpaka nikaogopa nimemuumiza. Kisha akasema, "Ng'ombe ya bluu! Ngai! Na alikuwa ananiambia ati mimi ndio sijui kuchagua rangi ya kitambaa!" Akacheka mpaka akashika meza. Nikacheka naye. Hajacheka hivyo tangu tukuzike, na njia nzima ya kurudi alikuwa akinyamaza kidogo, kisha mabega yanaanza kutikisika tena.

Kicheko kilipoisha, jambo zito likabaki. Mwenye ubao, mama mmoja wa Kanada, alikuwa ameniandikia pole, na pamoja na pole akaomba mafaili yako yote, mlima, viondo, shimo la mbolea, ayaweke mbele kabisa ili mtu yeyote duniani ayachukue na kuyatumia kwenye kompyuta yake. Heshima hiyo hawampi kila mtu. Akaongeza kwamba ile bluu ndiyo imewaingia moyoni, tafadhali nisiiguse.

Sasa nimpe nini, Baba? Nikituma hivyo tu, utajulikana kwa picha ambayo hukuichora. Watakusifu kwa ujasiri ambao hukuwa nao, maana wewe hukutaka ujasiri, ulitaka Nyakeru awe mweupe. Nikiiondoa bluu mimi mwenyewe, watapata kitu kinachokaribia ulichokiona, lakini kila rangi itakuwa imepita mkononi mwangu, na mimi sina jicho lako. Na wakati ninawaza hayo ile skrini inazidi kufifia. Kariuki aliiwasha akaniambia, "Siz, hii imeisha. Wacha nipelekee fundi atoe spea." Nilimfokea mpaka akarudi nyuma. Hakujua, masikini. Ni kioo kimoja tu katika dunia yote kinachoonyesha ulichokiona wewe, na kilikuwa kinazima hapo mbele yetu.

Basi nikafanya kama wewe. Niliamka mapema, nikakaa kwenye kiti chako, nikaiwasha, nikafungua mlango. Nikatazama skrini. Nikatazama nje.

Ilikuwa sawa, Baba. Sijui niseme vipi. Mimi nimezaliwa nyumba hii. Nimetoka kwa mlango huu kila asubuhi, kwanza nikikimbilia shule, halafu nikikimbilia kazi, na sikuwahi kujua kwamba ukungu wa pale chini ya mlima una waridi kidogo pembeni, au kwamba paa la jiko hugeuka fedha kwa muda mfupi tu kabla halijarudi kuwa bati. Wewe ulikuwa umeviweka vyote. Nilitafuta nukta moja iliyokosea, nikaikosa. Nilikaa nikitazama huku na huku mpaka jua likapanda, nje kukabadilika, na skrini ikabaki peke yake na asubuhi ambayo ilikuwa imekwisha kupita. Nikaona wazi kwamba siwezi kuiacha hiyo ipotee, na pia siwezi kuigusa.

Jibu lilinijia kazini, nikipangusa vumbi kwenye skrini mpya. Chini yake kuna vibonyezo vya rangi, nyekundu, kijani na bluu, mtu anaweza kuongeza au kupunguza apendavyo. Nilifungua picha yako nikabonyeza bluu ipungue. Ikapungua, ikapungua, na Nyakeru akaanza kuwa mweupe mbele ya macho yangu. Nilipiga ukelele, bosi akachungulia mlangoni, nikamwambia hakuna kitu.

Nilimtumia yule mama wa Kanada mafaili yako yote kama ulivyoyaacha, bila kubadilisha hata nukta. Na chini yake nikaandika habari ya skrini yetu, kila kitu, hata ile rangi yake ya chai. Nikawaambia: ukitaka kuona alichokiona baba yangu, usiiguse picha, gusa skrini yako. Punguza bluu taratibu mpaka ng'ombe awe mweupe. Ukifika hapo umesimama mlangoni kwetu.

Nilidhani wawili watatu watajaribu. Baba, majibu yaliingia siku nzima, na siku iliyofuata, na bado yanaingia. Yule wa Brazili alijaribu. Yule mwanafunzi wa Japani aliwaita wazazi wake waje waone. Hawa ni watu wanaochagua rangi moja kwa wiki nzima, watu wanaoweza kugombana kwa ajili ya kivuli cha kipicha kidogo, na kila mmoja aliiharibu skrini yake kwa mkono wake mwenyewe ili aione asubuhi ya mzee asiyemjua. Niliwaza zile nchi zote, nyingine siwezi hata kuyatamka majina ya miji yao, na katika kila mmoja kuna mtu amekaa akimtazama Nyakeru. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Nilijaribu kuukadiria ukubwa wa jambo hilo kichwani nikashindwa, na mpaka leo nashindwa.

Mbweha aliandika baada ya wengine. Nilisita kufungua ujumbe wake. Alisema alipunguza bluu akauona mlima, akakaa akiutazama. Halafu, kabla hajairudisha skrini yake ilivyokuwa, akajiuliza swali, akafungua theluji yake. "Ilikuwa ya manjano," aliandika. "Vile vile alivyosema. Tafadhali mwambie, kama kwenu kuna njia ya kuwaambia waliokufa, kwamba nilibishana na mtu aliyekuwa akisema ukweli." Nilimjibu kwamba njia ni barua, na kwamba nitaiandika. Ndiyo hii.

Imebaki jambo moja. Yule mama wa Kanada anataka sentensi ya kuweka chini ya jina lako, ili wanaokuja baadaye wajue ulikuwa nani. Nimeandika na kufuta mpaka Mama akanihurumia. Pumzika, Baba. Skrini yako itazima siku yoyote, na hilo siwezi kulizuia, lakini nakuahidi kwamba sitakupamba. Sitakubali wakuite mshairi wa bluu, na sitakubali wakuite mzee aliyedanganywa na mashine mbovu. Kila atakayeuliza, maisha yangu yote, nitamwambia ninavyowaandikia wao, na Mama ameshakubali: Alifanya kazi ya rangi Thika. Alikosea, lakini aliona sawasawa.

Kwaheri, Baba.

Mimi Maitu wako